Mahindi Yanayolala: Kazi ya Kutafuta Mbegu Yenye Bua Imara

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo alinipa masharti mawili. La kwanza, nisipite nusu saa, maana wali utapoa. La pili, nisizungumze kama niko mbele ya wataalamu wenzangu, kwa kuwa humu mna wanasheria, madereva, wanajeshi waliostaafu na wafanyabiashara. Sharti la pili nimelipenda kuliko la kwanza. Mtafiti asiyeweza kumweleza dereva kazi yake, mimi huwa nina shaka kama yeye mwenyewe anaielewa.

Nitazungumza juu ya ukungu unaoozesha mabua ya mahindi, na juu ya kazi ya kutafuta mbegu inayoweza kupambana nao. Nimechagua jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya mbegu za mahindi katika nchi hii imefanyika hapa hapa wilayani Kilosa, katika kituo cha Ilonga, na nimeona kwamba watoto wetu wengi hupita mbele ya kituo hicho wakienda mjini bila kujua kinafanya nini.

Mtu anayetoka Mikumi kwenda Kilosa kwa njia ya Ulaya mwezi wa Juni au Julai, masika yakiwa yamekwisha, huona mashamba ya mahindi yaliyokauka. Akitazama kwa makini ataona kwamba katika mashamba mengine mahindi yamesimama kama askari gwaridani, na katika mengine yamelala, haya yakielekea huku na haya kule. Mwenye shamba ukimwuliza, atakwambia ni upepo. Mwingine atasema ni mchwa, mwingine nguruwe, na wapo watakaokutajia jina la jirani. Sibishani na mtu aliyepoteza mahindi yake. Lakini ukichukua kisu ukalipasua bua lililolala, kuanzia shinani mpaka pingili ya nne au ya tano, mara nyingi jibu utalikuta humo ndani.

Bua zima lina kiini cheupe, kigumu, kilichojaa kama muwa. Bua lililooza kiini chake kimenywea na kuachana na ganda la nje, zimebaki nyuzi tupu kama za katani, na wazee wa Kimamba hawahitaji kuelezwa katani ni kitu gani. Ukilibana kwa vidole viwili linabonyea. Bua la namna hiyo halingoji upepo. Kunguru akitua juu yake tu linakatika.

Ukungu unaofanya kazi hiyo si wa aina moja. Uko unaoitwa fuzariamu, ambao huacha ndani ya bua rangi ya waridi iliyofifia. Uko diplodia, ambao huweka vitone vyeusi vidogo nje ya pingili za chini, na ukivikwangua kwa ukucha havitoki. Na uko makrofomina, ambao hupaka zile nyuzi za ndani weusi kama masizi ya chungu. Huu wa masizi hupenda udongo wenye joto na mahindi yaliyopata kiu wakati yanachanua, kwa hiyo mkulima wa upande wa Mikumi ambaye mvua imemkimbia mapema anapaswa kuufikiria kwanza. Yule wa bondeni kando ya Mkondoa, ambako ardhi hukaa na maji, ana maadui wengine.

Sasa niwaombe wanafunzi wanisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo pana ugumu wa kazi yote. Ukungu huu hauji kama mwizi kutoka mbali. Uko shambani siku zote, katika udongo na katika mabua ya mwaka jana. Mmea wenye nguvu huuzuia. Lakini gunzi linapoanza kujaza punje huvuta sukari kwa nguvu sana, na majani ndiyo yanayoitengeneza. Kama majani yameliwa na wadudu, au yameungua kwa ugonjwa, au jua limeyasokota, sukari yake haitoshi. Gunzi halijui huruma. Likikosa majanini huvuta kutoka katika bua lenyewe. Kiini cha bua kinadhoofika, seli zake zinakufa kabla ya wakati, na ukungu uliokuwa unangoja mlangoni unaingia. Hata pale ambapo funza wa mabua ametoboa, yeye amefungua mlango tu.

Mkielewa hilo mtaona mtego uliopo. Mmea wenye gunzi kubwa ndio wenye hatari kubwa ya kuoza bua. Na mmea usiozaa kitu bua lake hubaki gumu na la kijani mpaka Agosti, umesimama wima kama kiongozi wa sherehe. Mtafiti akienda shambani akachagua mimea iliyosimama tu, bila kutazama imebeba nini, baada ya miaka michache atakuwa amewaletea wakulima mbegu hodari ya kusimama na mvivu wa kuzaa. Akichagua magunzi makubwa tu bila kutazama mabua, atawaletea mbegu inayozaa vizuri mwezi Mei na kulala chini mwezi Juni. Kazi ni kuvipata vyote viwili katika mmea mmoja, na mambo hayo mawili hayapendani.

Kabla sijaeleza kazi hiyo inavyofanyika, niseme kwa nini inafaa kugharamiwa. Hasara ya kwanza kila mtu anaiona. Gunzi lililogusa ardhi ni la panya, la mchwa, la nguruwe, na mvua ya mwisho ikilikuta huota likiwa bado ndani ya maganda. Panya wa mashambani hapa Morogoro ni tatizo kubwa kiasi kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine kina kituo kizima kinachowachunguza, na shamba lililolala ni karamu yao.

Hasara ya pili haionekani kwa macho, na siku hizi ndiyo inayonisumbua zaidi. Ule ukungu wa fuzariamu unaoozesha bua ndio huohuo unaoozesha gunzi, nao hutoa sumu. Sumu hiyo, fumonisini, iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Wakati sisi tunasoma hapa hakuna mwalimu duniani aliyeweza kutufundisha habari zake. Mwaka 2008 watafiti wa Kitanzania walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mahindi yaliyohifadhiwa katika nyumba 120 za wakulima wa Tabora, Iringa, Ruvuma na Kilimanjaro. Zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu hiyo. Mwaka 2015 ukachapishwa uchunguzi mwingine wa watoto wadogo 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, na wale waliokuwa na fumonisini nyingi zaidi mwilini walikuwa na kimo pungufu. Halafu kuna ukungu wa jamii nyingine, wenye sumu ya aflatoksini, ambayo huua upesi zaidi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara zaidi ya watu 60 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karibu 20 wakafariki.

Sasa tazameni tunavyofanya nyumbani. Magunzi mazuri tunayapeleka sokoni, au tunayaning'iniza darini. Yale yaliyookotwa chini, yenye koga, hatuyatupi, maana kutupa chakula ni dhambi. Tunawapa kuku, tunapika komoni, na mwaka wa njaa tunachanganya katika unga. Uji wa mtoto hutoka katika unga huohuo. Sumu hii haifi kwa kuchemsha uji. Kuyatenga magunzi yaliyooza kunapunguza sumu sana, na kukoboa kunapunguza pia, ingawa najua wapenzi wa dona watanikasirikia. Lakini mama mwenye debe moja tu lililobaki huwezi kumwambia atenge. Kwake yeye kinga iliyo rahisi ni mahindi ambayo hayakulala tangu mwanzo, na kinga hiyo inaweza kuwekwa ndani ya mbegu.

Ilonga ilianza mwaka 1943, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa pamba. Mahindi yalipata nafasi ya mbele baadaye. Wazee wenzangu mtakumbuka miaka ile: mwaka 1972 tulitangaziwa kule Iringa kwamba Siasa ni Kilimo, kisha ukame ukatupiga, na mwaka 1974 tukawa tunakula unga wa njano kutoka ng'ambo ambao watu waliubatiza jina la yanga. Ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Katika mwaka huohuo wa 1974 ndipo mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi ulipoanzishwa, makao yake yakawa Ilonga. Njaa huwa na faida moja tu, nayo ni kwamba huwafanya wakubwa wasaini karatasi upesi.

Lakini elimu ya kuzalisha mahindi yenye ukinzani wa magonjwa haikuanzia Ilonga, na hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu Afrika Mashariki imeifundisha dunia somo ambalo sisi wenyewe hatulisimulii.

Mahindi yalikuja Afrika kutoka Amerika miaka ya 1500, na Wareno. Yalikuja bila baadhi ya magonjwa yake ya kwao. Mojawapo lililobaki nyuma ni kutu ya majani ya nchi za joto. Kwa karne nne mahindi yetu yalizaliana bila kuiona kutu hiyo, na mtu asiyepigwa kwa karne nne husahau kukinga uso. Mwaka 1949 kutu ikaonekana Sierra Leone. Ikapita Afrika Magharibi ikiharibu mavuno vibaya sana, na mwaka 1952 ilikuwa imefika pwani ya Kenya.

Alikuwapo mtaalamu mmoja, H. H. Storey, aliyefika Amani, kule Usambara, mwaka 1928. Huyu ndiye aliyekuwa amegundua kwamba ugonjwa wa milia wa mahindi huenezwa na mdudu mdogo arukaye. Kutu ilipoingia yeye alikuwa Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti la Afrika Mashariki. Wakakusanya mbegu za mahindi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, hasa kule Amerika ambako kutu na mahindi wamekuwa majirani tangu zamani, na mwaka 1957 Storey na mwenzake Howland wakatangaza jeni mbili zinazozuia kutu hiyo. 

Hiyo ilikuwa kazi safi ya sayansi. Lakini kutu nayo haikulala. Walikuwa wameshaona kwamba kuna aina zaidi ya moja ya kutu hiyohiyo, na jeni ya kwanza ilizuia aina moja tu. Ile nyingine ilipita kama vile hakuna mlango. Na wakati huo, huku wataalamu wakishughulika na jeni, kwenye mashamba ya wakulima wa kawaida kutu ilikuwa inapungua yenyewe. Hakuna aliyewapa mbegu mpya. Kila msimu mimea iliyoungua sana ilizaa kidogo au haikuzaa, na ile iliyoungua kidogo ikatoa mbegu nyingi. Kwa kuwa mahindi huchanganyika kwa upepo, uhodari mdogo mdogo uliotawanyika katika mimea mbalimbali ukakusanyika. Baada ya misimu kama kumi au kumi na mitano kutu ikawa ugonjwa wa kawaida tu. Vitabu vya magonjwa ya mimea vya dunia nzima hutaja habari hiyo mpaka leo. Aliyekuwa akichagua mbegu hizo, msimu baada ya msimu, ni mkulima wa Kiafrika mwenye jembe la mkono, akisaidiana na kutu yenyewe.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ukinzani wa kuoza bua ni wa namna hiyo ya pili. Hakuna jeni moja ya kuzuia kuoza bua ambayo unaweza kuitia katika mmea ukamaliza kazi. Ziko nyingi, kila moja ikisaidia kidogo: ganda nene, kiini kinachochelewa kufa, majani yanayobaki mabichi gunzi linapokomaa, mizizi mirefu, kimo kifupi. Kazi ni kuzikusanya, na kazi ya kukusanya haifanywi kwa haraka.

Inafanywa hivi. Unapanda familia nyingi, tuseme mia mbili, kila familia kutoka gunzi moja na mstari wake. Zikichanua unavika mifuko ya karatasi kwenye mbelewele na kwenye magunzi machanga, ili wewe ndiye uamue nani anamwoa nani, maana ukiuachia upepo hauna adabu. Kisha unakuja wakati wa kuleta ugonjwa. Huwezi kungoja ugonjwa uje wenyewe: mwaka huu utakuja, mwaka ujao hautakuja, na mimea iliyosimama kwa bahati itakudanganya kuwa ni hodari. Kwa hiyo sisi huuoteshea ukungu kwenye vijiti vya kuchokolea meno.

Nasikia mnacheka huko nyuma. Ni vijiti vilevile vya dukani. Kwanza vinachemshwa mara kadhaa kuondoa utomvu unaoua ukungu, kisha vinawekwa katika chupa yenye supu ya kulishia ukungu mpaka vinafunikwa wote. Siku kumi au wiki mbili baada ya ndevu za mahindi kutoka, unatoboa tundu katika pingili ya chini na kukiingiza kijiti. Kila mmea umepata dozi sawa, siku moja, mahali palepale. Mahindi yakikomaa unapasua kila bua na kuhesabu ukungu umepita pingili ngapi. Kuna mmea ambao kijiti kimezungukwa na doa la ukubwa wa shilingi, basi. Na kuna jirani yake ambao umeoza pingili sita. Kazi hii ina vumbi, ina jua, ina maelfu ya mabua, na haitangazwi redioni. Vibarua wa Ilonga walikuwa wakimaliza siku moja mikono imejaa mikwaruzo kama waliopigana na paka.

Kisha unapima uzito wa magunzi ya familia hizohizo, na hapo ndipo ule mtego niliousema unakuumiza kichwa, kwa sababu familia za kwanza kwa bua na familia za kwanza kwa mavuno kwa kawaida si zilezile. Unachukua zile zilizo nzuri kwa yote mawili, hata kama si za kwanza kwa lolote, unazichanganya, unaanza upya. Hiyo ni duru moja. Msimu mmoja au miwili. Unahitaji duru nyingi.

Mfano mzuri wa uvumilivu huo tuliupata kutoka Meksiko. Kuna mahindi ya nyanda za joto za huko yaitwayo Tuxpeño. Yalikuwa na mavuno mazuri lakini yalikuwa marefu mno, karibu mita 2.8, na yalilala. Kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, kiliyachagua kwa ufupi kwa duru kumi na tano, mpaka yakafika karibu mita 1.8. Gunzi lililokuwa juu ya kichwa cha mtu likashuka kifuani. Kulala kukapungua sana, na mavuno, badala ya kupungua, yakaongezeka, kwa sababu sukari iliyokuwa inajenga bua refu lisilo na faida ikaenda kwenye punje, na mimea mingi zaidi ikaweza kupandwa katika eka moja. Mbegu ya Tuxpeño ilitolewa kwa wakulima wa Tanzania miaka ya 1970, na damu yake imo katika mahindi mengi ya nyanda zetu za chini.

Zikafuata nyingine. Mwaka 1983 zilitolewa mbegu tatu kwa mpigo: Kito, inayokomaa kwa siku kama 90, Kilima, kwa sehemu za mwinuko wa kati, na Staha, kwa nyanda za chini kama hizi zetu. Majina yalinifurahisha. Mahindi yaitwayo Staha hayapaswi kulala hovyo barabarani. Mwaka 1987 ikaja TMV-1, iliyoundwa hasa kupambana na ule ugonjwa wa milia alioushughulikia Storey. Zote hizo ni mbegu ambazo mkulima anaweza kutunza mwenyewe kwa misimu kadhaa, tofauti na mbegu chotara ambayo lazima inunuliwe kila mwaka.

Siwapingi wenye mbegu chotara. Mahali pake ni nzuri sana. Lakini mahali pake ndiyo maneno yenyewe. Nimeona watu wa Kilosa wakipanda mbegu za nyanda za juu zilizozalishwa Kitale, Kenya, kwa kuwa shemeji yao wa Njombe amevuna magunia mengi. Ilonga iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mbegu hizo zimezoea mita 1500 na zaidi. Hapa zinarefuka, zinachelewa, masika yanaisha gunzi likiwa bado linanyonya, na mmeshasikia kinachofuata gunzi linaponyonya bua. Mkulima anasema amepewa mbegu feki. Si feki, imetoka kwao tu. Mbegu feki zipo pia, na ndiyo maana nawasihi mtazame lebo ya TOSCI kwenye mfuko kabla ya kutoa fedha.

Leo kituo kinaitwa TARI Ilonga, na shamba la Msimba, hapa hapa wilayani, linazalisha mbegu za msingi chini ya wakala wa serikali. Majengo yapo. Ninalohofia ni jambo moja. Ukinzani wa kuoza bua ukishaupata hauwi mali ya kudumu kama nyumba ya mawe. Mbegu wazazi zinatakiwa zipandwe, zipigwe vijiti, zipasuliwe, zichaguliwe, kila baada ya muda mfupi. Ukiacha misimu michache, zile jeni ndogo ndogo hutawanyika tena. Na mtu wa kuzisoma mabua hapatikani kwa tangazo la gazeti. Humchukua miaka kujua kwa jicho doa hili ni la fuzariamu au la diplodia. Wengi wa waliojua wamestaafu. Nikiwauliza vijana wa hapa nani anataka kusoma kilimo, mikono inayoinuka ni ya wale ambao hesabu zimewashinda, na hilo ni kinyume kabisa, kwa sababu kazi hii ni hesabu kutwa nzima.

Kwa wenye mashamba, nina maneno machache. Tunachagua mbegu vibaya. Tunangoja mahindi yafike nyumbani, tunaketi barazani na kuchambua magunzi makubwa. Gunzi barazani halisemi lilitoka kwenye bua gani. Nenda shambani maganda yakiwa yamekauka lakini kabla hujavuna. Achana na mimea ya ukingoni, maana hiyo imenenepa kwa kukosa majirani. Ingia katikati. Ukiona mmea wenye gunzi zuri ambao majirani zake pia wana afya, ushike usawa wa gunzi uusukume pembeni kama robo ya mita, kisha uuachie. Ukirudi wima, bana pingili ya chini kwa vidole. Ikiwa ngumu, funga kitambaa. Usitosheke na mimea kumi. Mahindi yakioana ndugu kwa ndugu hudhoofika, kwa hiyo tafuta mimea mia moja au zaidi, na uchukue punje za katikati ya gunzi. Shamba lenyewe liwe mbali na mahindi ya aina nyingine, mita 200 angalau, ukiweza. Nimewaona wanakijiji wakifanya hivyo kwa misimu mitatu minne na tofauti ikaonekana kutoka barabarani.

Mabua ya mwaka jana yenye vitone vyeusi yafukieni, na msirudie mahindi juu ya mahindi. Diplodia haili zao jingine, kwa hiyo mkipanda mbaazi au choroko mwaka unaofuata itashinda njaa. Ila wa Mikumi wasije wakasema nimewadanganya: ule ukungu wa masizi hula pia ufuta, mtama na kunde, kwa hiyo kubadilisha mahindi kwa ufuta hakuuondoi. Kwao ni kupanda mapema na mbegu ya muda mfupi, ili mahindi yachanue kabla kiu haijaja. Na wenye uwezo wa kununua mbolea, msimwage ile ya kukuzia peke yake mkidhani mnalipendezesha shamba. Bua lililonenepeshwa kwa naitrojeni nyingi bila potasiamu ni kama ukuta wa udongo usio na fito.

Mwalimu Mkuu amenikubalia jambo moja, nami nalitangaza mbele yenu ili asibadili mawazo. Shamba la shule lina mahindi eka mbili. Kuanzia msimu ujao kidato cha tatu kitachagua mbegu yake humo kwa njia niliyoieleza, na kila mwaka watahesabu mimea iliyolala katika mistari ishirini na kuandika idadi katika daftari litakalokaa maktaba. Chama chetu kitanunua daftari. Nitakuja kila mwezi Juni kulikagua, Mungu akinijalia uzima.

Leo nimekuja na mabua ishirini, kumi kutoka Mikumi na kumi kutoka bondeni hapa Kilosa. Yako chini ya mwembe nyuma ya jiko, yamefungwa kwa kamba. Baada ya chakula tutayapasua pamoja na kila mwanafunzi atataja aina ya ukungu aliouona kabla mimi sijasema. Wazee mnaotaka kuja mnakaribishwa, ila visu viko sita tu. Ndugu Mwenyekiti, nasikia harufu ya pilau, na nusu saa yangu imekwisha.